Tulikwenda Unguja Kumchukua Ambo

Tangu nirudi, kila anayesimama dukani kwangu hapa Tunduma huanza na bei ya mchele na kuishia na swali lile lile: mlimleta? Nimechoka kujibu nusu nusu, na nikijibu kwa mdomo hasira hunitangulia. Basi nimeandika yote. Someni, halafu mniache nifanye biashara yangu.

Kwa msiomjua, Ambo ni mdogo wangu, Ambokile, mtoto wa mwisho wa baba. Aliondoka kwetu Isongole akiwa kijana na randa moja mkononi, akaishia Unguja, akawa seremala wa milango. Huko alisilimu, akaitwa Idrisa, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Zuwena. Mwaka huu kiharusi kimempiga upande wa kushoto, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kombo. Tukapata habari kwa simu, na wazee wa ukoo wakakaa kikao.

Isongole, kwenye ukungu

Nilipanda Ileje asubuhi moja ya baridi kali. Nilimkuta baba amekwisha kuvaa koti, amekaa uani karibu na kapu la magimbi yaliyochemshwa, utafikiri anakwenda shamba la mbali. Nikamwambia kuwa njiani kuna vyakula. Akasema vyakula vya njiani havijui tumbo lake.

Wazee walikuwa wameshaamua: Ambo arudishwe. Mgonjwa wa ukoo haachwi kwa wakwe, ndivyo walivyosema, na waliosema hivyo hawajawahi kumwogesha mgonjwa hata mmoja. Mimi nilipinga. Kwetu ni mlima nyuma na mlima mbele. Mtu anayeburuta mguu atakaa mlangoni, atatazama mahindi mpaka afe. Kule Unguja, Zuwena alinieleza, daktari amemwamuru atembee kila siku kwenye njia tambarare kando ya bahari, na kidogo kidogo mguu ulianza kusikia.

"Afie mlangoni kwangu," baba alisema. "Kule ukifa asubuhi, jioni umeshafukiwa. Mimi nitafika lini kutoka huku?"

Hapo ndipo nilipojua kinachomuuma. Hakuwa na neno na dini ya Ambo. Alichoogopa ni kuja kuambiwa kuwa mwanawe ameshazikwa, yeye akiwa bado anatafuta gari la kushuka mpaka Mpemba, kwenye barabara kuu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni akatoa hukumu yake: atakwenda kumwona kwa macho. Akimkuta anatembea, atamwacha. Akimkuta hatembei, atamleta, hata kwa kumbeba.

Malori, kisha Kitonga

Basi letu lilitoka Tunduma likakwama papo hapo, maana malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka hujui mwisho wake. Mnaijua foleni hiyo, sina haja ya kuieleza. Madereva walikuwa wametandika mikeka chini ya matela, wanapika ugali. Baba aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nao wanakwenda kuchukua wagonjwa.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma, mcheshi kupita kiasi. Alikula magimbi yetu, akatupa korosho zake, na kabla ya Makambako alikuwa ameshajua habari zetu zote.

"Kwa hiyo mzee, mkweo hujamwona bado?"

"Mkwe haonwi," baba alijibu.

Yule bwana alicheka. "Mimi mkwe wangu ndiye anayenikanda mgongo ukiniuma."

Baba akageuza uso dirishani, hakusema naye tena mpaka Morogoro. Niliona aibu kwa ajili ya wote wawili. Kwetu Undali, huko huko Ileje, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Wakionana kwa mbali mmoja anakata kona, hata kama ni kuingia kwenye migomba. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wala si chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mke anayeishika vizuri husifiwa mpaka na majirani. Kumwambia mzee wa kwetu kwamba mkwe anakukanda mgongo ni kumwambia kwamba nyumbani kwako mmechanganyikiwa.

Mteremko wa Kitonga ulitupokea kwa harufu ya breki. Basi lilikataa kuendelea, tukashushwa, tukakaa kwenye mawe tukimngoja fundi. Manyunyu yakaanza. Abiria walilalamika, dereva akazima simu yake. Baba alikaa akiwa ameshika kapu mapajani, na nilipomuuliza anawaza nini alisema anahesabu namna ya kumpandisha mtu asiye na mguu kwenye mlima kama ule. Nilitamani kumwambia kwamba anapanga mazishi ya mtu aliye hai, lakini kwa mzazi hayo hayasemwi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kuvuka

Dar es Salaam sitaieleza, tulipita tu, tumechoka na tumelowa.

Ndani ya boti walipita wakigawa mifuko. Baba akapokea wake kwa mikono miwili, akashukuru, akahamishia humo magimbi yaliyobaki, maana kapu lilikuwa limelowa. Sikutia neno, nilidhani ataniona namfundisha. Bahari ilipoanza kutuinua na kutushusha, alijua kazi ya ule mfuko, lakini ulikuwa umejaa. Mama mmoja wa Kipemba aliyekaa mbele yetu alimpa kanga yake iliyokunjwa, na ndimu ya kunusa, akamshika kichwa mpaka tulipofika. Baba alikubali kushikwa na mama yule kama mtoto. Nikawaza, laiti angejua kwamba mkwe wake, wa rika hilo hilo, anamsubiri bandarini.

Sinia la Zuwena

Unguja kulikuwa na kipupwe. Si baridi ya Ileje wala joto la Momba. Ni hewa ya wastani, upepo kidogo, mawingu mengi, na mvua nyepesi isiyomfukuza mtu njiani. Watu wengi wangefurahi. Sisi tuliingia humo na huzuni yetu, nayo ikapata mahali pazuri pa kukaa.

Zuwena alikuja kutupokea mwenyewe. Ni mwanamke mwembamba, mpole, macho yake mekundu kwa kukesha. "Karibu baba, shikamoo baba," akanyoosha mikono yote miwili ili apokee ya mzee na kuibusu, kama wafanyavyo huko. Baba akarudi nyuma. Akavuka barabara, akasimama upande wa pili akiwa ametupa mgongo, gari likampigia honi. Zuwena akabaki na mikono hewani.

"Amechoka na bahari," nilimwambia. Hilo ndilo jibu nililoliona jepesi.

Nyumbani palikuwa pabaya zaidi. Zuwena alikuwa amefagia chumba, ametandika shuka mpya, ameweka udi. Baba akakataa kuingia, akataka nyumba ya wageni. Ambo aliletwa barazani, akakaa karibu na baba yake, wakashikana mikono, wakalia wote wawili bila sauti. Mimi nikaingia ndani kusaidia. Zuwena alikuwa amepika boko boko, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, chakula cha watu kumi. Nikanyoosha mikono nichukue sinia.

"La, wifi," alisema. "Mzazi huandaliwa na mkwewe. Nitampelekea mwenyewe."

Ningemzuia, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kwa uchovu. Akatoka na sinia kichwa kimeinama, akapiga goti. Baba aliinuka, akashuka barazani, akaenda zake uchochoroni. Hakurudi mpaka sinia lilipoingizwa ndani na mimi kulitoa tena kwa mkono wangu. Ndipo akala, akala vizuri, akalamba na vidole.

Zuwena hakuona hilo. Alikuwa amekaa jikoni juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ametia uso kwenye mtandio.

"Wifi, mimi nimemkosea nini mzee? Ni kwa sababu nimembadili dini mwanawe? Au anadhani maradhi haya nimemtia mimi?"

Nilimweleza taratibu. Nilimwambia kwamba baba amempa heshima kubwa kuliko anayonipa mimi niliyezaliwa naye. Kwamba kwetu mkwe angefanya vilevile, angekuwa ameshatoroka kwa mlango wa nyuma. Alisikiliza akifuta pua.

"Hofu yote ile ni heshima?"

"Ndiyo."

"Na mtu akiumwa? Mnauguza vipi kwa kukimbiana?"

Nikachukua kata nikaosha vyombo.

Njia ya Mizingani

Kila alasiri tulimpeleka Ambo Mizingani. Ni njia ya waendao kwa miguu, imejengwa kando ya bahari, sawa kama meza, mtoto wa kutambaa angeimaliza. Upande mmoja ukuta mfupi na maji, upande mwingine majumba ya zamani na wauza kahawa. Watu hupita pale bila kubeba kitu.

"Hawa wanakwenda wapi?" baba aliuliza siku ya kwanza.

"Hawaendi popote, baba. Wanatembea tu."

"Na wakifika mwisho?"

"Wanarudi."

Akatikisa kichwa. Maisha yake yote hajapiga hatua isiyo na jembe au mzigo mwishoni. Njia isiyomchosha mtu aliiona haiwezi kumponya.

Tulitembea hivi: Zuwena amemshika Ambo mkono wa kulia, mimi wa kushoto, ule uliokufa, na baba nyuma kwa mbali, kiasi ambacho kwetu mtu huachia kati yake na mkwe. Tukisimama, naye anasimama, anatazama bahari kama anayengoja gari. Zuwena alijifunza haraka. Akikosea njia akajikuta anamwelekea mzee, hujifunika mtandio na kugeuka ukutani. Watu walitushangaa. Muuza kahawa mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ni mpelelezi.

Ambo alikuwa anajua kila kitu. Alijua kwamba macho ya nyuma ndiyo yatakayoamua kama atabaki na mkewe au atabebwa kwenda Isongole. Kwa hiyo hakutembea kama mgonjwa anayefanya mazoezi. Alitembea kama mtu aliye mahakamani. Jasho lilimtoka katika ule upepo. Nikimwambia apumzike, anasema kwa mdomo wake mzito, "Dada, ananiona." Siku nyingine alifika mbali, siku nyingine mguu uligoma kabisa tukarudi tukimburuta. Baba alirudi nyumba ya wageni akakaa kitandani na viatu miguuni.

Jioni moja nilimuuliza Ambo anataka nini yeye mwenyewe, aende au abaki. "Nataka nibaki," alisema. "Lakini nisibaki kwa kuachwa." Nililia baadaye, msalani, asinione.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha kidogo, sakafu ya njia inang'aa. Tulipofika Ambo akajitoa mikononi mwetu. "Leo niacheni. Mimi na fimbo yangu." Zuwena alimsihi, akakataa. Mimi akaniamuru nikae kwenye kiti cha zege nisisogee, maana nikimfuata, mzee atasema nilimshikilia. Nikakaa. Zuwena akamfuata kwa nyuma kidogo.

Na akatembea. Nawaambia ukweli, alitembea. Fimbo, mguu mzima, kisha ule mwingine anauvuta kutoka kiunoni, fimbo tena. Alimpita muuza kahawa, akawapita watalii waliompisha. Nilianza kumshukuru Mungu. Nilitazama nyuma nikaona baba amevua kofia.

Kisha fimbo ikateleza. Ambo alianguka kwa ubavu, kichwa karibu kabisa na ukuta, na mguu mbaya ukakunjika chini yake. Zuwena alimfikia kwanza, akamtia mikono kwapani, akavuta, akashindwa. Ambo ni mtu mzito. Nilisimama nikimbie, lakini kuna mtu alinipita. Sikujua kwamba baba bado anaweza kukimbia. Kofia aliitupa njiani. Alipiga magoti kwenye maji ya mvua, akamtia mwanawe mkono upande wa kushoto, na mkono wake ukakutana na mkono wa Zuwena mgongoni kwa Ambo, ukaushika ili wote wawili wapate nguvu. Wakainua kwa pamoja. Mtandio wa Zuwena ulikuwa umeanguka, bega lake limegusana na bega la mzee.

Ambo akasimama kati yao. Akamtazama mkewe. Akamtazama baba yake. Uso wake ukabadilika, si kwa maumivu.

"Baba," alisema, "kwani nimekufa?"

Zuwena akanitazama mimi, hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwetu nimewahi kuona mara moja tu baba mkwe na mkwe wakiwa wamesimama bega kwa bega juu ya mtu mmoja, na ilikuwa siku tuliyomlaza marehemu baba mdogo kwenye mkeka. Siku ya kifo hakuna anayeangalia mkwe yuko wapi. Ambo alikuwa mtoto, alikuwepo, aliona.

Jasho lilikuwa linamtiririka baba kwenye mikunjo ya shingo.

"Hujafa," alisema. "Inua mguu."

Wakatembea hivyo, watatu, polepole, mpaka mwisho wa njia. Baba hakuuachia mkono wa Zuwena. Mimi niliwafuata nyuma nikiwa nimebeba kofia na fimbo.

Asubuhi, barazani

Kwa sheria aliyoiweka baba mwenyewe, Ambo alikuwa ameshindwa. Alianguka. Nilikwenda nyumba ya wageni nimejiandaa kugombana, nikakuta baba hayupo. Alikuwa ameshafika kwa Zuwena, amekaa barazani, amegeuzia uso mlangoni, siyo barabarani kama siku zote.

"Mwite," aliniambia.

Zuwena akatoka, akataka kugeuka ukutani kama alivyojifunza.

"Usijifiche. Kaa."

Akakaa. Baba alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alimtazama kwa shida, kama mtu anayetoka gizani.

"Mkwe hashikwi mkono," alisema. "Mimi nimekushika mbele ya watu. Basi wewe si mkwe tena. Wewe sasa ni mtoto wa kuzaa."

"Ndiyo, baba."

"Mtoto hutumwa. Nakutuma. Muuguze. Kule kwangu ni mlima, hana pa kutembea." Akakohoa, akaendelea kwa sauti ndogo. "Na siku yake ikifika, usimlaze kunisubiri. Mzike siku hiyo hiyo, kama mnavyozika. Mimi nitaambiwa."

Zuwena alimbusu mikono, na mara hii baba hakuiondoa.

Ndani, Ambo alikuwa amelala macho wazi. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha la baraza, kwa hiyo alikuwa amesikia kila neno. Nilipoinama kumuaga akaniuliza, "Ameniacha?" Nikamwambia baba amemwacha atembee. Akageuza uso ukutani, na sijui hata leo kama alinielewa.

Tunduma tena

Njia ya kurudi haina masimulizi. Basi halikuharibika, chakula kilikuwa chakula, hakuna aliyetusemesha. Baba hakuugua baharini. Alikaa wima akitazama kisiwa mpaka kilipopotea, kisha akatazama mahali kilipokuwa.

Sasa mjue na haya. Wazee wa Isongole wamekasirika, wanasema mzee amegawa mtoto. Waambieni waje wanigombeze mimi. Baba amekataa kupanda Ileje, kwa sababu nyumbani kwake simu haishiki mpaka upande mlima wa kanisani. Ndiyo maana mnamkuta hapa dukani kwangu kila siku, kwenye gunia la mchele karibu na meza yangu, na mnadhani namlisha bure kwa kukosa kazi.

Zuwena hupiga kila alasiri wakitoka Mizingani. Humsimulia baba Ambo amefika wapi: leo kwa muuza kahawa, jana hakutoka kabisa. Baba huitikia, "Sawa, mwanangu," na hiyo ndiyo saa pekee ambayo simu haimtishi.

Saa nyingine zote, simu yangu ikilia, hata kama ni mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayeulizia mchele wa super, baba huacha anachofanya. Haulizi ni nani.

"Ni leo?" huniuliza.

Namwambia ni mtu wa mchele.

"Haya," husema. "Si leo."